Kanisa la Bondeni

Kwetu Njombe kanisa huwekwa juu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, waliofika katika nyanda zetu mwishoni mwa karne ya 19, walitafuta vilima. Wabenediktini waliotokea upande wa Peramiho walifanya vivyo hivyo. Na Waanglikana wa UMCA, ambao mlango wao ulikuwa Ziwa Nyasa, walipanda kutoka ufukweni mpaka Milo, huko Upangwani, ambako ukungu hukaa juu ya paa mpaka jua la saa nne. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa: mbu ni wachache, kengele husikika mbali, na mpita njia hana budi kuliona jengo, apende asipende. Kwa hiyo mtu aliyekulia Njombe, akiambiwa kwamba mahali fulani pana kanisa kuu la kale, kwanza huinua macho.

Llandaff inakubidi uyashushe. Nilikaa Cardiff, mji mkuu wa Wales, miaka miwili kuanzia 2003, nikisoma uhandisi wa ujenzi, na Llandaff ni kitongoji cha mji huo, kama kilometa tatu kutoka katikati. Unafika kwenye uwanja mdogo wa majani, unaona magofu ya mnara wa kengele wa zamani na lango la ngome ya maaskofu wa kale, unajiuliza kanisa lenyewe liko wapi, kisha unagundua kwamba ncha ya mnara wake iko karibu usawa wa macho yako. Kanisa zima limechutama bondeni karibu na Mto Taff. Jina la mahali linasema hivyo hivyo: “llan” kwa Kiwelshi ni kanisa pamoja na kiwanja chake, na sehemu ya pili ni jina la mto. Wenyeji husema wazee walilificha lisionwe na wanyang’anyi waliotoka baharini. Huenda. Mimi fundi nikiona jengo zito bondeni kando ya mto, swali langu la kwanza ni maji yanakwenda wapi.

Nilikwenda mara ya kwanza kwa sababu ya darasani. Mwalimu wetu wa zege alikuwa amelitaja tao moja lililomo ndani ya kanisa hilo, nami nikataka kuliona. Msomaji anivumilie basi kama nitaanza na mawe kabla ya watu. Ndiyo njia niliyoingilia.

Jengo la sasa lilianzishwa mwaka 1120 na askofu aliyeitwa Urban. Alikuwa amewekwa wakfu mwaka 1107, na mwaka huo unatuhusu sisi pia, kwa maana ndio uliochongwa katika maandishi ya jiwe ya Msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Naitaja Kizimkazi makusudi. Nilipokuwa ugenini nilichoka kusikia kwamba Afrika hakuna majengo ya kale. Yapo, na tarehe zimeandikwa. Ni kweli tu kwamba nyanda zetu za juu kusini tulijenga kwa miti, udongo na nyasi, vitu visivyongoja wajukuu.

Katika kanisa la Urban limebaki tao moja kubwa la mviringo, nyuma ya altare, limenakshiwa kwa ustadi. Sehemu nyingine ziliongezwa baadaye: uso wa magharibi mwanzoni mwa karne ya 13, na mnara wa kaskazini-magharibi mwishoni mwa karne ya 15, uliojengwa kwa fedha za Jasper Tudor, mjomba... la, baba mdogo wa Mfalme Henry wa Saba. Kiswahili chetu hapa ni sahihi kuliko Kiingereza, ambacho hutosheka na neno moja kwa wote wawili.

Baada ya hapo historia ya kanisa hilo ni historia ya kubomoka. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya karne ya 17 kati ya Mfalme na Bunge, askari waliligeuza. Inasimuliwa kwamba sehemu yake ilifanywa kilabu cha pombe, na birika la ubatizo likawa la kunyweshea nguruwe. Dhoruba kubwa ya mwaka 1703 ilidhuru minara. Miaka 20 baadaye, 1723, mnara wa kusini-magharibi ulianguka juu ya paa la ukumbi wa waumini. Dayosisi ilikuwa maskini, hapakuwa na fedha za kuezeka, na upande wa magharibi ukabaki wazi kwa mvua na ndege.

Sasa sikia walichofanya. Mwaka 1734 walimwita John Wood, mjenzi mashuhuri wa mji wa Bath. Bwana huyu hakujisumbua kurudisha kilichoanguka. Alijenga, ndani ya kuta zile zile za kale, jengo jipya lenye sura ya hekalu la Kirumi, akafunika sehemu ya mashariki tu, na upande wa magharibi akauacha gofu. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wa Llandaff walisali hivyo: unapita katika magofu yasiyo na paa, kisha unaingia hekaluni. Waliokuja baadaye walilicheka hekalu la Wood kwa maneno makali. Mimi sikulicheka. Lilikuwa kavu ndani, na watu waliokuwa na fedha kidogo walipata pa kusalia. Jengo hulaumiwa kirahisi na watu ambao mvua haikuwanyeshea.

Karne ya 19 ilileta makaa ya mawe, na makaa yakaleta fedha. Cardiff, uliokuwa mji mdogo, ukawa bandari ya makaa ya dunia nzima. Aliyepewa kazi ya kulirudisha kanisa alikuwa John Prichard, mtoto wa kasisi wa kanisa lile lile, yaani kijana aliyekua akiyaona magofu kila siku. Alianza miaka ya 1840, akaendelea zaidi ya miaka 20. Aliliondoa hekalu la Wood lote, akajenga upya mnara ulioanguka, akaupa ncha ndefu. Siku hizo hizo mchoraji Dante Gabriel Rossetti aliwachorea picha ya mbao tatu ya uzao wa Daudi: upande mmoja Daudi mchungaji, upande wa pili Daudi mfalme, na katikati mtoto mchanga, na mchungaji na mfalme wote wawili wamekuja kumwangukia.

Kisha usiku wa tarehe 2 Januari 1941 ndege za Ujerumani zikaishambulia Cardiff. Zaidi ya watu 150 walikufa mjini usiku huo. Bomu la aina iliyoteremshwa kwa mwavuli lilianguka karibu na ukuta wa kusini wa kanisa, paa likaondoka, madirisha yakaondoka, ncha ya mnara ikatikiswa. Husemwa kwamba katika makanisa makuu ya Uingereza na Wales, la Coventry peke yake liliharibika kuliko hilo.

Hapo ndipo linapoingia tao lililonipeleka. Msanifu George Pace, aliyeitwa baada ya vita, alikuwa na njia mbili mbele yake. Angeweza kurudisha alichojenga Prichard, jiwe kwa jiwe, watu wasijue kwamba palipita vita. Angeweza pia kufanya kama Wood, kujenga kipya na kukisahau cha kale. Hakufuata hata moja. Kuta na nguzo za kale alizirekebisha jinsi zilivyokuwa. Lakini katikati, mahali ukumbi unapokutana na kwaya, alisimamisha tao la zege lenye nondo, jembamba, linaloinuka toka sakafuni kama mtu aliyenyosha mikono juu mpaka viganja vikakutana. Zege tupu, halikupakwa kitu. Juu yake pana mtungi mkubwa wa zege wenye sehemu ya mabomba ya kinanda, na mbele ya mtungi huo amesimama Kristo wa madini ya alumini, urefu wake karibu meta tano, kazi ya Jacob Epstein. Iliwekwa mwaka 1957. Epstein alikuwa Myahudi aliyezaliwa New York na kuishi London. Kristo wake ni mwembamba, mikono ameishusha na viganja amevifungua, na uso wake hauna haraka.

Nilisimama chini yake kwa muda mrefu nikitafuta mahali zege linapogusana na jiwe. Hilo ndilo jambo gumu. Zege na jiwe la kale havipandi wala havishuki pamoja. Joto, baridi na unyevu hukipa kila kimoja mwendo wake. Pace hakuulazimisha mpya ubebwe na wa kale. Tao linasimama kwa miguu yake lenyewe. Wako watu wanaolichukia tao hilo hadi leo, na ninawaelewa, kwa kuwa linakatiza macho; ukiingia kwa mlango wa magharibi huwezi tena kuona moja kwa moja mpaka tao la Urban. Lakini hakuna anayeweza kuingia humo asijue kwamba pana kitu kilitokea.

Nilikuwa nimeinama hivyo, nakagua miguu ya tao, alipokuja mama mmoja mzee, mmoja wa wale wanaojitolea kuwaongoza wageni. Nadhani alidhani nimeangusha kitu. Tulisalimiana. Aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania. Tanzania sehemu gani? Watu wachache Ulaya huuliza swali hilo la pili. Nikamwambia kusini, mji mdogo wa baridi uitwao Njombe, hataujua.

“Njombe?” akasema, na alilitamka vizuri. “Tulikuwa na askofu aliyetoka huko.”

Nilimwelewa kwamba anazungumza juu ya Mwafrika, nikashangaa kwamba sijawahi kumsikia. Kumbe alimaanisha John Poole-Hughes.

Sasa ni lazima niwaeleze wasomaji vijana, na hata wengine wasio vijana. Mwaka 1857 Livingstone alihutubia Cambridge, na kutokana na hotuba ile vyuo vikuu vya Uingereza vikaunda misheni iliyojulikana kama UMCA. Baada ya kuanguka mara ya kwanza kwenye mto Shire, misheni hiyo ilihamia Unguja, na kutoka huko ikaenea Bondei, Masasi na Ziwa Nyasa. Upande wa ziwa kitovu chake kilikuwa kisiwa cha Likoma, na padre wake aliyejulikana kuliko wote, William Percival Johnson, alizunguka vijiji vya ufukweni kwa zaidi ya miaka 40 mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Vijiji vyetu vya upande huu wa ziwa vilikuwa chini ya askofu wa Nyasaland mpaka mwaka 1952, ilipoundwa Dayosisi ya Kusini-Magharibi ya Tanganyika, na makao ya askofu yakawekwa Njombe. Askofu wa kwanza alikuwa Leslie Stradling, aliyehamia kutoka Masasi. Wa pili alikuwa Poole-Hughes, kuanzia mwaka 1962 hadi 1974.

Hebu fikiri miaka hiyo. Alipewa fimbo ya uaskofu mara tu baada ya Uhuru. Ludewa na Makete zote zilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Njombe. Makambako ilikuwa mahali pa kushukia tu kwenye barabara ya Iringa na Mbeya. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa na Wachina mwaka 1970 naye yuko. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 alikuwepo. Vijiji vya ujamaa vilipoanza kukusanya watu kutoka kwenye mashamba yao ya asili, na makanisa mengine yakaachwa peke yake porini, alikuwepo. Alipoondoka, kiti chake kilichukuliwa na Mtanzania. Yeye alirudi Wales, na baada ya muda mfupi akawa Askofu wa Llandaff, mpaka alipostaafu mwaka 1985. Alifariki mwaka 1988.

Kilichonigusa ni lile neno la mama yule: “aliyetoka huko.” Sisi Njombe tulikuwa na mzungu aliyetoka Wales. Wao Llandaff walikuwa na askofu aliyetoka Njombe. Mtu ni yule yule. Katika vitabu vilivyochapishwa kule nilivyovipata, miaka yake 12 ya Njombe hupewa mstari mmoja, kama vile mtu alikuwa chumba cha kungojea. Na sisi huku tukimkumbuka, tunamkumbuka mpaka siku aliyopanda gari, basi. Ukitaka historia yake nzima inakubidi uwe na mguu Njombe na mguu Llandaff, na watu wa namna hiyo ni wachache.

Usiku ule nilimpigia simu mama yangu. Mama ni Mpangwa wa Milo, aliolewa Ubena, na Kipaimara alipewa mwaka 1964. Kadi yake tunayo mpaka leo, imekunjika mara nne, na sahihi iliyo chini yake ni ya John, na dayosisi yetu imetajwa, kwa maana maaskofu wa Kianglikana husaini kwa jina la ubatizo na jina la kiti chao. Kule Llandaff desturi ni kuandika “Landav”. Mkono ule ule basi uliandika Tanganyika kwenye kadi ya msichana wa Milo, na Landav kwenye kadi za watoto wa wachimba makaa.

Nilimweleza mama kwamba nimeingia katika kanisa la Baba Askofu. Alinyamaza kidogo, nami nikadhani simu imekatika.

“Umewasalimu?” akauliza.

“Nani, mama?”

“Watu wake. Umefika kwao mtu aliyekuwekea mama yako mikono, halafu umetoka tu hivi hivi kama umeingia dukani?”

Jumapili iliyofuata nilirudi bondeni. Misa ilipokwisha nilimtafuta yule mama mzee nikampa salamu za mama yangu, kwa jina lake, na za watu wa Milo. Hakucheka wala hakushangaa. Aliniambia ngoja, akaenda akawaleta wazee wengine wawili, mume na mke, akanifanya nirudie salamu zote tangu mwanzo. Yule mzee mwanamume akaniuliza Njombe husalimianaje. Nikamwambia “kamwene”. Tukaagana kwa kamwene, wazungu watatu na Mbena mmoja, chini ya tao la Pace.

Niongeze jambo dogo la lugha, kwa sababu kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiswahili na hilo nalo lina hesabu yake. Mmoja wa maaskofu wa Llandaff, tangu mwaka 1595 hadi 1601, alikuwa William Morgan, yule aliyetoa Biblia nzima kwa Kiwelshi mwaka 1588. Wakati huo Kiwelshi kilikuwa kimefungiwa nje ya mahakama na ofisi za serikali. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba bila Biblia ile lugha hiyo ingevunjika vipande vipande. Leo kila kibao cha barabara Cardiff kina lugha mbili. Na UMCA, ile iliyomleta Poole-Hughes kwetu, ndiyo iliyokuwa na Edward Steere wa Unguja, askofu aliyekaa miaka mingi akitafsiri Maandiko na kuandika sarufi ya Kiswahili, na kanisa kuu la Mkunazini lililosimama mahali pa soko la watumwa ndilo kaburi lake. Sisemi Kiswahili kingekufa bila Steere. Kilikuwa na washairi wake karne nyingi kabla hajazaliwa. Nasema tu kwamba kila nilipoona neno la Kiwelshi juu ya neno la Kiingereza katika kituo cha basi, nilikifikiria Kibena, ambacho hakina hata kibao kimoja kati ya Makambako na Njombe.

Nilirudi nyumbani mwaka 2005, nikafanya kazi ya barabara. Makambako niliyoiacha sikuikuta. Msomaji anayepita pale na basi la usiku huona taa, lori na wauza viazi, hajui kwamba mji ule umezaliwa na njia tatu: barabara kuu ya kwenda Mbeya, reli, na lami ya Songea iliyojengwa kwa fedha za Uingereza katika miaka ya 1980. Njia zikileta watu, watu hujaza makanisa. Mwaka 2016 halmashauri ya kanisa letu, lililoko nje kidogo ya mji upande wa kwenda Njombe, ikaniita. Kanisa lilijengwa mwaka 1958, tofali za kuchoma, udongo badala ya saruji, chokaa juu yake. Ukuta ulikuwa na ufa. Walitaka niandike barua ya kitaalamu kwamba jengo ni la hatari, libomolewe, lijengwe jipya la watu 1,000. Barua ilikuwa karibu imeshaandikwa. Ilikosa sahihi yangu tu.

Niliwaambia sisaini ufa nisioujua. Ufa ni kama kikohozi: kuna cha vumbi na kuna cha kifua kikuu, na huwezi kutofautisha kwa kusikiliza mara moja. Ilikuwa Oktoba, mvua karibu zianze. Nilikata vipande vitatu vya kioo chembamba, nikavibandika kwa jasi vikiwa vimevuka ufa sehemu tatu, nikaandika tarehe pembeni kwa penseli. Ukuta ukitembea, kioo hupasuka. Usipotembea, ufa ni wa zamani, umeshatulia. Nikawaomba wangoje masika ipite.

Si wote waliopenda. Mwalimu wa kwaya, kijana mwenye akili, alinikabili mlangoni. “Injinia,” alisema, “Pasaka nusu ya watu husimama nje, na wewe unaujua upepo wa Makambako. Wewe umesali kwenye makanisa ya miaka 900. Sisi tunataka pa kukaa.” Alikuwa na haki kabisa. Nilimkumbuka John Wood.

Upande wa pili alikuwepo bibi mmoja ambaye kila Jumapili hukaa mstari wa pili. Alinishika mkono akanizungusha nyuma ya kanisa, akanionyesha mawe ya msingi. Alisema yale meusi waliyabeba wasichana kichwani kutoka mtoni, naye alikuwa mmoja wao, na yale mekundu waliyabeba wasichana wa kijiji cha pili, ambao walikuwa wavivu. Miaka karibu 60 imepita na mashindano hayajaisha. Kanisa hilo halina kitabu cha historia yake. Lina mawe hayo meusi na mekundu, na siku likibomolewa hakuna atakayejua tena ni nani alibeba nini.

Mwezi wa Mei nilikagua vioo. Viwili, vya ukuta wa kaskazini karibu na altare, vilikuwa vizima. Cha tatu, juu ya mlango, kilikuwa kimepasuka katikati. Nilichimba pembeni ya mlango nikakuta nilichokitarajia: paa halikuwa na gata tangu siku ya kwanza, na maji yote ya upande ule yalishukia kwenye kona moja ya msingi, masika baada ya masika. Niliandika kurasa mbili. Ukuta wa mbele hauponi. Altare na kuta za pembeni zina afya kuliko nyumba yangu.

Kikao kilichukua saa tano. Waliniomba niwaeleze habari za Llandaff, nikaeleza kwa kifupi, pamoja na Wood na Prichard na bomu. Mzee mmoja akauliza fedha za kurudisha kanisa baada ya vita walipata wapi. Nikajibu kwamba michango ya waumini, na serikali yao ililipa fidia ya uharibifu wa vita. “Basi sisi tumwandikie nani atulipe fidia ya gata?” akasema, na kikao kikacheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichofungua mlango. Walikubaliana kuvunja ukuta wa mbele peke yake, kurefusha ukumbi kuelekea magharibi kwa nafasi ya watu 600, na kuiacha altare ya zamani na kuta zake mahali pake. Mwalimu wa kwaya hakuridhika na 600. Bibi wa mstari wa pili hakuridhika na kuvunja mlango alioingilia siku ya harusi yake. Walipiga kura, wakapitisha.

Mahali jengo jipya linapokutana na la zamani nilichora tao la zege, lenye msingi wake peke yake, lisiegemee tofali za 1958. Tulilimwaga mwezi Septemba 2018, siku mbili mfululizo, wanawake wakipokezana ndoo na mwalimu wa kwaya akiimbisha. Tofali tulizotoa ukuta wa mbele hazikutupwa. Nyingi zina alama za vidole vya waliozifyatua, na tumezijengea ngazi. Gata zipo pande zote mbili, na nimemwachia mlinzi maagizo ya kuzisafisha majani kila Novemba.

Padre aliuliza tutaweka nini juu ya tao. Vijana walitaka maandishi ya kung’aa ya umeme. Mwingine alipendekeza saa, kwa sababu mahubiri ni marefu. Mama yangu, ambaye siku hiyo aliletwa kwa gari kuliona jengo, alisema paachwe kwanza mpaka watu wapazoee. Mpaka ninapoandika haya, juu ya tao lile hapana kitu.